Uyabisi wa Tumbo kwa Mbwa Walao Nyama Mbichi na Mifupa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Nimetakiwa na Halmashauri niseme nanyi juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nalo ni mbwa aliyefunga choo. Sikulikataa, kwa sababu wengi wetu tufanyao kazi za ofisi tunao mbwa nyumbani, na mbwa huyo si pambo. Ndiye mlinzi wakati bwana na bibi wako kazini na watoto wako shuleni. Mlinzi akiugua, nyumba imebaki wazi. Tena gharama ya kumpasua mbwa aliyezibika utumbo yaweza kula sehemu kubwa ya mshahara wa mwezi, na hata hivyo asipone. Neno ambalo nataka mlishike ni moja tu: uyabisi wa mbwa alaye nyama mbichi na mifupa aghalabu hutoka katika bakuli lake, nao huondolewa kwa kulirekebisha bakuli hilo, wala si kwa kumnywesha mbwa dawa kwa nguvu.

Watu wanaowalisha mbwa wao nyama mbichi ni wa namna mbili. Wa kwanza ni wale wanaonunua masalio ya bucha, yaani mifupa, mapafu, matumbo na migongo ya kuku, kwa kuwa bei yake ni nafuu. Wa pili ni wale waliosoma ya kuwa chakula kibichi ndicho chakula cha asili ya mbwa. Fikira hiyo ya pili ilienea sana baada ya mwaka 1993, daktari wa wanyama wa Australia, Ian Billinghurst, alipotoa kitabu chake cha kuwahimiza watu wampe mbwa mifupa mibichi. Mimi sikusimama hapa kuwasifu hawa wala kuwalaumu wale. Nasema tu kwamba wote wawili hukutana na shida ile ile, na sababu yake ni ile ile.

Sababu hiyo ni mfupa uliozidi kiasi. Mfupa mkavu, karibu theluthi mbili za uzito wake ni madini, hasa chokaa. Tumbo la mbwa lina asidi kali, nalo huyeyusha sehemu ya mfupa. Kilichobaki hushuka hadi utumbo mpana kikiwa kama unga wa chaki. Kazi ya utumbo mpana ni kunyonya maji. Basi unga ule ukikawia humo, maji hunyonywa, unga hukauka, na kadiri unavyokauka ndivyo unavyozidi kukawia. Mwisho wake mbwa huchuchumaa, hujikamua, hulia, na kinachotoka ni vipande vyeupe vigumu vivunjikavyo mkononi.

Ninyi mliokulia bara mmeyaona mavi ya fisi porini, meupe kama chokaa. Weupe ule ni wa mifupa, na kwa fisi si ugonjwa, maana Mungu amempa taya na tumbo la kazi hiyo. Wazee wetu walisema kuwa mfupa uliomshinda fisi mbwa hauwezi. Nami naongeza kwamba hata mingi isiyomshinda fisi humshinda mbwa. Kwa hiyo choo cheupe, ambacho kwa fisi ni desturi, kwa mbwa wako ni onyo.

Lakini tusichanganye mambo. Mbwa alaye nyama mbichi kwa kiasi kizuri hutoa choo kidogo na kigumu kidogo kuliko mbwa alaye ugali, na pengine huruka siku moja. Huo si uyabisi, madhali hajikamui wala haonyeshi maumivu. Tena si kila mbwa ajikamuaye amefunga choo. Mwingine anaharisha, na utumbo wake unamsumbua tu. Mwingine ameziba mkojo, na hiyo ni hatari ya saa chache. Na mbwa dume mzee asiyehasiwa huweza kuwa na tezi dume iliyovimba ikabana njia. Kabla ya kutibu, hakikisheni kwanza ni kitu gani kinachotoka na kipi kisichotoka.

Sasa nawaomba tufanye hesabu, na hesabu ni kazi yetu sisi makarani. Tuseme mbwa wako ana uzito wa kilo 20. Mbwa mzima alishwaye nyama mbichi hupewa kwa siku chakula cha uzito wa sehemu 2 au 3 katika kila 100 za uzito wake, yaani gramu 400 hadi 600. Na tushike katikati, gramu 500. Kanuni waifuatayo wengi wa walishaji ni kwamba mfupa uwe sehemu moja katika kumi. Basi mfupa wake ni gramu 50. Je, tukimpa gramu 500 za migongo ya kuku peke yake? Mgongo wa kuku ni mfupa karibu nusu yake. Mbwa huyo atakuwa amekula zaidi ya gramu 200 za mfupa, yaani mara nne ya kiasi chake, na kesho tena, na kesho kutwa tena. Hapo hatuna haja ya kumtafuta mchawi. Ni kama trei la karatasi mezani: zikiingia nyingi kuliko zinazotoka, siku ya tatu kazi imekwama.

Dawa ya kwanza, basi, ni kuuondoa mfupa bakulini kwa muda wa siku mbili tatu. Mpe mbwa mzima nyama isiyo na mfupa. Shida ikiisha, mrudishie mfupa kidogo kidogo mpaka ufike sehemu moja katika kumi, usizidi. Msiuondoe moja kwa moja kwa miezi bila kuweka kitu mahali pake, kwa maana nyama tupu ina chokaa haba sana, na mbwa mchanga anayekua akikosa chokaa mifupa yake hulegea na kupinda. Mwenye mtoto wa mbwa na apate shauri la daktari wa mifugo kabla ya kubadili chochote.

Dawa ya pili ni maji. Mbwa wa kilo 20 huhitaji kwa siku jumla ya lita moja hivi, pamoja na maji yaliyomo ndani ya chakula. Nyama mbichi gramu 500 humletea kiasi cha theluthi moja ya lita. Iliyobaki lazima ainywe. Bakuli la maji liwe safi na liwe kivulini, maana mbwa wengi huyakataa maji yaliyochemka juani. Waweza pia kumtilia chakulani maji ya uvuguvugu, au mchuzi wa nyama usio na chumvi, vitunguu wala vitunguu saumu, kwani vitunguu ni sumu kwa mbwa.

Dawa ya tatu ni boga. Lichemshe bila chumvi wala sukari, uliponde, na umtilie mbwa wa kilo 20 vijiko viwili au vitatu vya mezani katika chakula chake. Nyuzinyuzi za boga hushika maji na kukilainisha choo. Asiye na boga na apate maganda ya mbegu za isabgoli yauzwayo madukani, kijiko kimoja cha chai, yaloweshwe kwanza kwa maji mengi. Yakiliwa makavu huweza kuzidisha kuziba. Wako watakaosema ya kwamba mbwa ni mbwa mwitu, na boga si chakula chake. Wajibiwe kwamba mwaka 2013 wataalamu wa Sweden walionyesha ya kuwa mbwa, tofauti na mbwa mwitu, ana nakala nyingi za urithi ule unaomwezesha kuyeyusha wanga. Amekaa nasi miaka maelfu akila masalio ya chakula chetu, na mwili wake umejifunza. Boga kidogo halimkosei heshima.

Dawa ya nne ni mwendo. Mbwa afungwaye mnyororo mchana kutwa utumbo wake huwa mvivu; tena mbwa wengine hawapendi kujisaidia mahali walalapo, nao hujizuia mpaka choo kikauke. Mfungue asubuhi kabla ya kwenda kazini, na jioni urudipo, umtembeze nusu saa. Dawa hii haina bei.

Ya tano ni ini, na hapa naomba masikio yenu yote. Ini hulainisha choo, na kwa mbwa wetu wa kilo 20 gramu 25 kwa siku zatosha. Likizidi huharisha, na likizidi kwa miezi mingi huleta madhara ya mifupa kwa ajili ya vitamini A iliyomo. Lakini hatari kubwa zaidi si ya mbwa, ni ya watoto wetu. Katika ini na mapafu ya kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia mara nyingine huonekana vifuko vya maji. Humo mna wachanga wa mnyoo mdogo sana. Mbwa akivila vibichi, minyoo hukua utumboni mwake kwa maelfu bila yeye kuonyesha ugonjwa, na mayai yake hutoka katika kinyesi. Mtoto amchezeaye mbwa, kisha akala bila kunawa, huyameza mayai hayo, na baada ya miaka vifuko vile vile huota katika ini au mapafu ya mtoto. Ugonjwa huo huitwa hidatidi, nao umewatesa sana watu wa Turkana, katika kaskazini ya Kenya, ambako watu wengi wamepasuliwa kwa ajili yake. Kwa sababu hiyo nasema wazi: ini na mapafu yachemshwe nusu saa nzima kabla ya kumpa mbwa, na yenye vifuko yazikwe chini sana au yachomwe moto. Na mbwa apewe dawa ya minyoo iitwayo prazikwanteli kwa muda atakaopanga daktari. Kadhalika kila mtu aliyeshika nyama mbichi au bakuli la mbwa na anawe kwa sabuni.

Sasa mambo ya kuepuka. Usimmiminie mbwa mafuta ya parafini wala ya mbarika kinywani. Mafuta hayana ladha ya kumfanya ameze vema. Huweza kuteleza yakaingia mapafuni, na mbwa aliyekuwa na uyabisi huweza kufa kwa homa ya mapafu. Usimpige bomba kwa dawa za watu zilizotengenezwa kwa fosfati, kwani huweza kumwua, hasa mbwa mdogo. Usimpe zabibu kavu, ijapokuwa humlainishia mtu tumbo. Kwa mbwa huharibu figo. Wala usimpe mifupa iliyopikwa, maana huvunjika vipande vyenye ncha kama sindano. Daktari anazo dawa za kulainisha choo zilizo salama, naye hujua kipimo chake.

Mwisho, ni lini tuache boga tukimbilie kwa daktari? Nenda siku ile ile ikiwa mbwa anatapika, amekataa chakula, tumbo limekaza au limevimba, anatoa damu, amelegea, au hatoi mkojo. Na hata kama hana dalili hizo, ikiwa amejikamua siku mbili bila kupata choo, usingoje ya tatu. Huenda si unga wa mfupa tena, bali ni kipande kizima kilichokwama, na kitu hicho hakuna boga litakaloweza kukisukuma. Mchukue, umweleze daktari bila kuficha ni chakula gani alikula, kiasi gani, na siku gani. Andika katika karatasi, kama tuandikavyo kazini; maelezo hayo humwokolea daktari wakati, na pengine humwokoa mbwa.

Mabwana na Mabibi, mbwa hawezi kuandika barua ya malalamiko. Hula alichowekewa, na kesho yake habari yote i katika choo chake kwa yule apendaye kutazama. Atazamaye kila asubuhi ataona weupe kabla ya maumivu, naye ataurekebisha kwa kijiko na mizani, bila kupoteza mshahara wala mlinzi.