Mlango usiouliza barua: maneno kwa vijana wa Masisi na Walikale



Tuko wengi hapa wenye diploma na bila kazi. Tunapeleka barua, wanatuuliza uzoefu wa miaka 5. Uzoefu huo tutautoa wapi kama hakuna anayetupa nafasi ya kwanza? Leo tunaongea juu ya mlango mmoja usiouliza barua: programu huria. Ni programu ambayo maandishi yake yako wazi. Yeyote anaweza kuyasoma, kuyanakili na kuyarekebisha, na kazi yake inabaki pale ikionekana.

Tutoe mfano. David Kobia, Mkenya, mwandishi wa programu, alikuwa anaishi Alabama, Marekani, akiendesha Mashada, ukumbi wa Wakenya kwenye intaneti. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya iliwaka. Matusi ya kikabila yakajaa ukumbini mpaka akaufunga. Hakuishia pale. Januari 2008, mwanasheria Ory Okolloh aliomba watu wa teknolojia wasaidie kuonyesha kwenye ramani mahali watu wanashambuliwa. Kwa siku chache tu, Kobia na wenzake wakatoa Ushahidi.

Sisi tunaona ramani na alama zake. Lakini nyuma kuna seva inayopokea ujumbe, inaupanga, inauhifadhi. Ni kama jiko la mgahawa: mteja anaona sahani tu. Kobia alikuwa mtu wa jikoni.

Na juu jiko liliachwa wazi, wengine walipikia mule. Mwisho wa 2008 Ushahidi ilitumika hapa kwetu, mashariki ya Kongo. Januari 2010 ilitumika Haiti, baada ya tetemeko la ardhi.

Sasa tuseme ukweli. Ujumbe toka Walikale unaotaja kijiji, saa na namba ya simu unaweza kumuua aliyeutuma, kama seva imeandikwa vibaya. Mtu wa mbali, hata awe na roho nzuri, anaweza kusahau kuficha namba ile. Mtoto wa Masisi hawezi kusahau. Ndiyo maana tunataka wa kwetu wawe jikoni.

Koltani ya Rubaya inaingia katika simu za dunia nzima. Mawe yanatoka kwetu, maandishi yanayoendesha simu hizo yanatoka kwingine. Mpaka lini?

Tunajua: Kobia alikuwa na umeme. Sisi umeme ni wa kubahatisha, mega ni pesa, na wengine wetu wamelala kambini juu ya vita. Basi tuanze na kidogo. Anayefika mjini apakue maandishi ya programu moja, awaletee wenzake. Kuyasoma hakuhitaji intaneti. Anayejua Kiswahili atafsiri, hiyo pia ni kazi. Anayeona kosa aliandike vizuri: limetokea wapi, baada ya kubonyeza nini. Kesho atalirekebisha mwenyewe.

Hatuwaahidi mshahara. Tunaahidi kwamba siku wakituuliza uzoefu, tutakuwa na kitu cha kuwaonyesha. Na mama wa kijijini akituma ujumbe usiku, asubuhi awe bado mzima.

Tukikutana tena, kila mmoja alete kitu kimoja alichokirekebisha. Tuko pamoja.