Waliokuwa Gredi ya Nne Sasa Wanatusimulia

Haya ni maneno ya mwalimu wa maigizo aliyezungumza na wazazi, wazee na vijana wa Ronge, kabla ya vijana hao kuonyesha mchezo wao kuhusu mwaka wa korona.

  Sitawachosha. Mimi si mgeni rasmi. Ni mwalimu tu niliyeombwa nieleze kwa nini watoto hawa wameamua kuigiza mwaka wa 2020, mwaka ambao wengi wetu tungependa usitajwe tena.

Majuzi mzazi mmoja alinisimamisha sokoni Mwatate akaniuliza, "Mwalimu, korona ilipita. Mbona mnaifukua?" Ni swali la haki. Haya nitakayosema leo ni jibu langu kwa mzazi huyo, na kwa yeyote mwenye swali kama lake.

Tukumbushane kwanza jinsi mambo yalivyokuwa. Ijumaa, Machi 13, 2020, Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya. Siku hiyo hiyo mikusanyiko ya watu ilisimamishwa, pamoja na shughuli zinazokutanisha shule mbalimbali. Sisi watu wa maigizo tulipatwa katikati ya msimu, maana mashindano ya drama huanza muhula wa kwanza. Jumapili, Machi 15, Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba shule zifungwe. Kuanzia Machi 27 kukawa na kafyu, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili 8, kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi zikafungwa. Hakuna kuingia wala kutoka, isipokuwa magari ya mizigo na wenye kibali. Treni ya abiria ikasimama. Mwezi wa Mei mpaka wetu na Tanzania pale Taveta ukafungwa kwa abiria. Hoteli za Tsavo zikakosa wageni, na vijana waliokuwa wakifanya kazi huko wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Kaunti yetu ya Taita Taveta haikufungwa. Lakini mnajua nyote kwamba barabara ya Mombasa hupita Kwale na Kilifi, na mnajua ni nyumba ngapi hapa Ronge zina baba, mama au kaka anayetafuta riziki Mombasa. Kwa miezi mitatu, hadi Julai 7, mtu huyo alikuwa sauti ya simu tu.

Shule nazo zilikaa kimya hadi Oktoba 12, 2020. Siku hiyo waliitwa watoto wa madarasa matatu pekee: gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne. Wengine walingoja hadi Januari 4, 2021. Kafyu yenyewe iliondolewa Oktoba 20, 2021, Sikukuu ya Mashujaa.

Sasa nataka mwaangalie hao watoto wa gredi ya nne. Wao ndio kundi la kwanza la mtaala mpya. Januari 2026 wamekuwa wa kwanza kuingia gredi ya kumi, na baadhi yao wamechagua mkondo wa sanaa, ambako Maigizo na Filamu ni somo kamili. Wengi wa vijana mtakaowaona leo wametoka katika kundi hilo. Mwaka ule walikuwa na miaka tisa au kumi. Tuliwaambia wanawe mikono, wavae barakoa, wasicheze na wenzao, wasiende kwa nyanya. Walitii. Lakini ni nani kati yetu aliyeketi nao akawauliza, "Na wewe, mwaka huu umekuwaje kwako?" Mimi sikuuliza. Nilidhani mtoto hana la kusema.

Tulipoanza mazoezi sikuwapa karatasi yenye maneno ya kukariri. Niliwaambia kila mmoja alete kitu kimoja kutoka nyumbani kinachomkumbusha mwaka ule. Mmoja akaleta redio, akaeleza jinsi walivyokuwa watoto watano wakisikiliza masomo ya KBC, na mahali pa kushikia mawimbi palikuwa pamoja tu, juu ya jiwe nyuma ya choo. Mwingine akaleta jerikeni lililotobolewa na kuwekewa bomba la kunawia. Msichana mmoja akaleta sare ya shule. Aliivua Machi, akaikunja vizuri akijua atarudi baada ya wiki chache. Alipoifungua, haikumwenea tena, na nyumbani hapakuwa na pesa ya kununua nyingine.

Mchezo wote umetoka katika vitu hivyo. Hakuna mwandishi mmoja.

Kuna onyesho la mazishi. Babu amefariki, na wakati ule mazishi yaliruhusiwa watu kumi na watano tu. Nyinyi mnajua matanga yetu yalivyo. Watu kumi na watano hata si ukoo wa upande mmoja. Katika mchezo, majirani wamesimama upande wa pili wa bonde wakitazama jeneza likishushwa. Vijana walikuwa wameigiza majirani hao wakiwa kimya. Mzee mmoja aliyekuja kututazama akatusimamisha akasema, "Hapana. Hatukunyamaza. Tuliimba kutoka kule kule." Akatufundisha walivyoimba, kwa Kidawida, wakiburuta sauti ili ivuke bonde. Tumebadilisha. Leo mkifika hapo, nyinyi mlioketi ndio majirani wa upande wa pili. Anayekumbuka wimbo asisubiri kuombwa.

Jambo hilo la mzee kusahihisha mchezo si jipya nchini mwetu. Mwaka 1977, kule Kamirithu, Limuru, wanakijiji walipokuwa wakitayarisha mchezo na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, wakulima na wafanyakazi waliwasahihisha waandishi: mzee hasemi hivi, kibarua haombi hivi. Mchezo ukawa wao. Nasi tunataka huu uwe wenu.

Nifike sasa kwenye jambo lililotugawanya. Katika mchezo kuna msichana asiye na jina. Januari 2021 mwalimu anaita orodha, akifika kwake hakuna anayeitika. Wenzake wanatazamana. Amepata mimba wakati shule zimefungwa. Wiki iliyopita nusu ya kundi walitaka onyesho hilo liondolewe. Mmoja alisema, "Mwalimu, watu watasema ni fulani. Halafu baba yangu atanikataza kuja." Mwingine akamjibu, "Tukiliondoa, tutakuwa tumemfunga yeye peke yake, sisi wengine tumefunguliwa."

Tulibishana hadi jua likazama. Mwishowe walikubaliana onyesho libaki, lakini wakajiwekea masharti, nami naomba myasikie kwa sababu yanawahusu.

Sharti la kwanza: hakuna jina, hakuna kijiji, hakuna alama ya mtu anayejulikana. Msichana huyo ameundwa kwa mambo ya nyumba nyingi na ya mahali pengi. Akitokea mtu leo akanong'ona, "Huyu ni mtoto wa fulani," ajue amekosea, na anaharibu kazi ya watoto.

La pili: mwenye kisa ndiye mwenye ruhusa. Hakuna jambo la jirani lililoingia hapa bila yeye mwenyewe kukubali. Na aliyekubali leo akibadili nia kesho, tunalitoa bila kumuuliza sababu.

La tatu: mazoezini mtu akilemewa, sote tunasimama. Hatumlazimishi yeyote kurudia kilichomuumiza ili sisi tupate makofi. Ikionekana jambo ni zito kuliko uwezo wetu, tunatafuta mtu mzima anayeaminika, au tunapiga simu ya bure ya kuwasaidia watoto, nambari 116. Nambari hiyo iandikeni hata ukutani nyumbani.

La nne, na hili walilibuni wao: onyesho lisiishie kwenye aibu. Mwaka huo huo wa 2020, Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa kuwarejesha shuleni waliokatiza masomo, na msichana aliyejifungua ni mmoja wao. Ana nafasi ya kurudi kusoma. Kwa hiyo mtaona msichana huyo akisimama mlangoni, na mtaona nani anamfungulia. Sitasema zaidi.

Lakini msifikiri wamewaigiza wasichana na wazazi pekee. Wameniigiza na mimi. Kuna mwalimu katika mchezo anayetuma masomo kwa WhatsApp, anaona alama mbili za buluu kwa watoto saba, anafunga simu na kusema, "Leo nimefundisha." Nilipoliona mara ya kwanza nilitaka kujitetea. Ningesema hatukuwa na njia nyingine, na ingekuwa kweli. Lakini ni kweli pia kwamba wale ambao wazazi wao hawakuwa na simu ya aina hiyo sikuwafuata, ingawa nyumba zao nazijua na kwa miguu ni safari ya nusu saa. Nilinyamaza kidogo, kisha nikawaambia waliache lilivyo. Kama mimi nimevumilia, nawe mzazi utavumilia sehemu yako.

Nirudi kwa yule mzazi wa sokoni. Mbona tunafukua?

Kaunti hii ina mambo makubwa yaliyowapata watu wake ambayo vijana hawayajui. Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwashuku watu wa Kasigau kwamba waliwasaidia Wajerumani. Wakawatoa kwao wakawapeleka Malindi, na wengi walifia huko. Niliwauliza vijana hawa nani anakijua kisa hicho. Mikono miwili iliinuka. Waliokijua walikipata kwa bibi zao. Kisa kisiposimuliwa kwa vizazi viwili, cha tatu kinakikuta kimekufa.

Mwaka wa 2020 unaweza kufa hivyo hivyo. Tayari watoto wa chekechea wa leo wanaona barakoa ya zamani kwenye droo na kuuliza ni ya nini. Na ugonjwa mwingine ukija siku moja, tusiombee, tutahitaji kujua mengi: nani aliachwa nyuma, jirani yupi aligawa unga, simu ngapi zilikuwa kijijini, watoto walijificha wapi wakilia. Hayo yamo vichwani mwa hawa vijana, nao wameyaweka jukwaani.

Nina maombi matatu, kisha niondoke.

Kwenu wazazi: onyesho likiisha, msiwaulize watoto wenu, "Ni nani aliyewaambia hayo?" Waulizeni lile swali tulilolisahau: "Na wewe ilikuwaje?" Kisha nyamazeni, msikilize. Wengine watasema maneno mawili wakaenda kulala. Msikate tamaa. Ulizeni tena siku nyingine.

Kwenu wazee: mkiona tumekosea, tusahihisheni kama alivyofanya yule mzee wa wimbo. Tutaonyesha tena, na kila mara tutabadilisha. Kidawida chetu nacho kirekebisheni. Vijana hawa wanakisikia vizuri kuliko wanavyokisema, na nyanya katika mchezo hawezi kuongea kama kitabu.

Kwa viongozi wetu wa kaunti, na nafurahi kwamba maneno haya yatachapishwa mahali mtakapoyasoma: Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka shughuli za utamaduni na burudani ya umma mikononi mwa kaunti. Hatuombi jumba kubwa. Tunaomba kumbi za jamii zilizopo zifunguliwe kwa vijana jioni na wikendi bila malipo, taa ziwake, na kundi kama hili lipate usafiri wa kwenda kuonyesha Voi, Wundanyi na Taveta. Kule Taveta wana mpaka wao uliofungwa. Wana yao ya kusimulia. Nanyi wananchi, mkiitwa kutoa maoni kuhusu bajeti, nendeni mkaseme hili pamoja na maji na barabara. Lisiachiwe walimu peke yao.

Nimemaliza. Mtaona sare moja imetundikwa kwenye kamba pale mbele. Haitavaliwa na mtu yeyote tangu mwanzo hadi mwisho. Mwenyewe ameniruhusu kuwaambia kwamba ni ile ile aliyoivua Machi 2020.

Jua limeanza kushuka na mchezo utaisha karibu saa moja jioni. Wakati ule saa kama hiyo tungekuwa tunakimbia kwenda kufunga milango. Leo hakuna anayemfukuza mtu. Mchezo ukiisha, kaeni tuongee. Vijana, karibuni jukwaani.