Walimu Wastaafu Kwenye Kitalu cha Parachichi

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya kikundi cha walimu wastaafu mbele ya wajumbe wa kamati za shirika na wageni wafadhili, Tukuyu.)

Tumeombwa tueleze jinsi watu walioshika chaki maisha yao yote walivyoingia katika kazi ya miche ya parachichi. Tutajitahidi tusigeuze mkutano huu kuwa darasa, ingawa mazoea yana taabu.

Baadhi yetu ni wale walioitwa walimu wa UPE. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza elimu ya msingi kwa watoto wote, na ilipofika 1977 watoto walikuwa wengi kuliko walimu. Serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba na kuwafundisha ualimu huko huko vijijini. Saa hizi unashika darasa, saa zile wewe mwenyewe ni mwanafunzi wa mkufunzi, wa redio na wa masomo yaliyoletwa kwa posta. Tulichekwa sana. Hata hivyo tulifundisha, tukajiendeleza, na wengine wetu tukafika kuwa walimu wakuu.

Mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na miaka 60. Sisi karibu wote tulingoja 60. Tarehe hiyo tuliijua tangu siku ya kuajiriwa, na bado ilipofika tulishtuka kama watu waliovamiwa usiku.

Kuhusu mafao, wageni wetu wafahamu kwamba kanuni imebadilika mara kadhaa. Sisi tuliokuwa katika mfuko wa PSPF tulizoea kutarajia mkupuo wa asilimia 50. Mifuko iliunganishwa mwaka 2018 ikazaliwa PSSSF. Julai 2022 mkupuo ukawa asilimia 33, na katika bajeti ya 2024/25 ukapandishwa hadi asilimia 40 kwa kundi letu. Kwa hiyo walimu wawili waliofundisha shule moja, wakapishana miaka michache tu kustaafu, hawakupata fungu sawa. Jambo hili limeleta manung'uniko mengi, na hatudhani yamekwisha. Lakini tuseme ukweli wetu pia: aliyepata kikubwa na aliyepata kidogo, wengi tulikipeleka mahali pamoja, yaani kwenye biashara tusiyoijua.

Mmoja wetu alinunua basi dogo lililotumika, lipige ruti ya Tukuyu na Kyela. Halikumaliza mwaka. Sasa limekaa juu ya mawe nyuma ya nyumba, na kuku wanatagia ndani. Mwingine alifungua duka. Kila mteja alikuwa mwanafunzi wake wa zamani au mzazi wa mwanafunzi, na wote walikopa. Mwalimu anaona haya kumdai mtu aliyemfundisha kusoma. Duka lilifungwa likiwa na daftari la madeni lililoandikwa kwa mwandiko mzuri kabisa.

Watu hupenda kututia moyo kwa kumtaja Mwalimu Nyerere, aliyeacha kufundisha Pugu mwaka 1955 akaingia katika siasa. Mfano ni mzuri, ila hautufai sana, kwa sababu wakati ule alikuwa hajatimiza miaka 33. Afadhali tutajiwe yule wa 1985, aliyetoka Ikulu akarudi Butiama kulima.

Kitalu tulianza kwa sababu hapa Rungwe parachichi la Hass limepata soko, na mkulima anayeng'oa migomba michache au kupunguza chai anatafuta miche iliyobebeshwa. Anayejua kubebesha katika kata yetu ni kijana tuliyemfundisha sisi wenyewe, na ambaye hakufaulu darasa la saba. Tulimwendea. Siku ya kwanza alitupa shikamoo kwa heshima zote, kisha akasema, "Leo naomba walimu msikilize tu." Jamani, hilo lilikuwa gumu kuliko kuchimba mashimo.

Unaotesha mbegu ya parachichi la kienyeji. Shina likifikia unene wa penseli unalikata, unalipasua, unachomeka kikonyo cha Hass kilichochongwa kama kabari, kisha unafunga kwa nailoni ili maji yasiingie. Kwa kusema ni dakika moja. Miche yetu ya kwanza zaidi ya nusu ilikufa. Tulisema ni mvua, maana Tukuyu mvua haiishi. Kijana akasema ni mikono yetu.

Hapo ndipo ualimu ulipofaa kidogo. Tulifungua daftari kama la mahudhurio: tarehe ya kubebesha, mti uliotoa kikonyo, aliyeshika kisu, hali ya hewa. Baada ya muda daftari lilionyesha kwamba mvua na kijana wote walikuwa na haki. Miche iliyofungwa siku za mvua ilioza, na miche ya wazee wawili kati yetu ilikufa hata siku za jua. Wazee hao sasa wanajaza udongo kwenye viriba na kutunza daftari, wala hawajakasirika sana. Kijana naye hakuwa akiandika chochote. Siku hizi anaandika.

Sasa maombi yetu. Kwa wafadhili: mmetaja kutujengea ofisi. Tunashukuru, lakini tunaomba kwanza tenki la maji, neti ya kivuli, na posho ya huyo kijana kwa misimu miwili. Kwa kamati: mstaafu akirudi nyumbani msimfanye siku hiyo hiyo kuwa katibu wa hiki na mhazini wa kile, bila malipo na bila muda wa kujifunza kazi ya kumlisha. Na mwalimu aliyebakiza miaka mitatu au minne mtuletee sasa, kabla fedha hazijaingia benki.

Tupo kitaluni kila Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi. Aje na kisu kikali na koti la mvua.