Machozi ya Mama Aliyejifungua



Mama akiisha kujifungua, twamletea uji na kuimba kwa furaha. Lakini wako walio na huzuni nzito, wasiolala hata mtoto alalapo. Tusiseme wamepungukiwa na imani. Baada ya kuzaa, homoni za estrojeni na projesteroni, zilizokuwa nyingi mwilini, hushuka ghafula kwa siku chache. Jambo hilo, pamoja na uchovu na upweke, laweza kuulemea moyo.

Machozi ya siku za kwanza kwa kawaida hukoma. Yakipita majuma mawili, mpelekeni kliniki. Akiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, mpelekeni hospitali siku ile ile.

Mkumbukeni Eliya chini ya mretemu, alipotamani kufa. Mungu hakumkemea, kwanza alimpa usingizi, mkate na maji. Nasi tufanye vivyo hivyo: baba ambebe mtoto usiku, jirani ateke maji, daktari atoe ushauri na dawa, kanisa liombe. Dawa si adui wa maombi.