Sonona kwa Wanasoka wa Shinyanga na Geita

Sonona ni ugonjwa wa akili unaomwondolea mtu raha, nguvu, usingizi na matumaini kwa muda usiopungua wiki mbili mfululizo, na hutofautiana na huzuni ya kawaida kwa kuwa hauondoki kwa kufarijiwa wala kwa kushinda mechi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2015 na FIFPRO, yaani shirikisho la kimataifa la vyama vya wanasoka, ulionyesha kuwa asilimia 38 ya wachezaji waliohojiwa wakiwa bado uwanjani walikuwa na dalili za sonona au wasiwasi uliopindukia, na waliowahi kuumia vibaya mara kadhaa ndio walioelemewa zaidi.

Katika ukanda wa migodi wa Shinyanga na Geita nchini Tanzania, maumivu hayo hukutana na riziki isiyotabirika. Stand United ya Shinyanga ilishuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2019, Mwadui ikafuata mwaka 2021, na Geita Gold, iliyomaliza ya nne mwaka 2022 na kuiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho Afrika, ilishuka mwaka 2024. Timu inaposhuka, kijana aliyekuwa akilisha ukoo mzima huweza kurudi nyumbani bila mkataba na akiwa na goti bovu. Hata kabla ya hapo, asipolala na miguu ikawa mizito, kocha huona kuwa ameshuka kiwango, jukwaa humwita galasa, na ndugu hushuku kuwa amelogwa. Daktari hutajwa mwisho, kama hutajwa kabisa.

Ni vigumu, basi, kumtaka mchezaji huyo aseme hadharani. Naomi Osaka, bingwa wa tenisi mwenye mali na jina, alitozwa faini ya dola 15,000 huko Paris mwaka 2021 kwa kutokwenda mbele ya waandishi, kisha akajitoa mashindanoni na kueleza kuwa alikuwa akisumbuliwa na sonona tangu mwaka 2018. Angalau yeye alijisemea mwenyewe. Bondia wa Kenya Conjestina Achieng, aliyeugua ugonjwa wa akili baada ya kuiletea nchi yake sifa kubwa, alisemewa na kamera za watu wengine kwa miaka mingi, na huo si uwazi bali ni kuvuliwa heshima.

Tanzania ina kikwazo kingine: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu hulihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, ilhali Mahakama Kuu ya Kenya ilikitangaza kifungu cha aina hiyo kuwa kinyume cha katiba Januari 2025. Mchezaji aliyefika ukingoni ana sababu ya kunyamaza.

Ulinzi hauna budi kutangulia ushuhuda, na mahali pake ni kwenye mkataba, ambamo sonona ihesabiwe sawa na goti lililochanika, mshahara uendelee na klabu igharamie tiba. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, mgonjwa wa Geita hasubiri tena kivuko ili afike Hospitali ya Bugando jijini Mwanza; kinachobaki ni klabu kukubali kuwa safari hiyo ni ya kikazi.