Mgonjwa Kando ya Birika

 

Katika Injili ya Yohana, sura ya 5, twasoma habari za birika moja kule Yerusalemu. Wagonjwa walilala kando yake wakingoja maji yatibuliwe, na mmoja wao alikuwa ameugua miaka 38. Twaomba mtazame jambo moja: mtu huyu hakukosa habari. Alijua vizuri birika liko wapi na lina faida gani, maana alilala ukingoni pake. Alichokosa ni mtu wa kumshika na kumwingiza majini, na kila alipojikokota mwingine alimtangulia.

Birika hilo tumelikumbuka kwa sababu ya mambo ya Marekani, nchi ambako wengi wa watoto wetu wamekwenda kufanya kazi ya kuuguza wazee majumbani. Huko kuna bima ya serikali iitwayo Medicare, iliyowekwa kwa sheria mwaka 1965, ambayo zaidi huwahudumia watu wa miaka 65 na kuendelea. Mzee akiwa hawezi kutoka nyumbani bila taabu kubwa, na daktari akiagiza, bima hiyo humlipia muuguzi au mtaalamu wa viungo amfuate kwake. Mashirika yafanyayo kazi hiyo ni maelfu, mengine mazuri na mengine hafifu. Basi mwaka 2003 serikali ilianza kutangaza katika intaneti jinsi kila shirika linavyowahudumia watu. Mwezi wa Julai 2015 ikaongeza nyota, kuanzia moja hadi tano, kama zile za hoteli za watalii pale Mombasa.

Hatuwalaumu kwa kupima. Hata kuku sokoni humpapasa kifua kabla ya kutoa pesa, sembuse mtu atakayemfunga mama yako kidonda! Lakini na tuulize nyota hizo humfikia nani. Tangu kanuni ya mwaka 2019, hospitali hutakiwa kumpa mgonjwa anayehitaji huduma hiyo orodha ya mashirika pamoja na habari za ubora wake, achague mwenyewe. Sasa fikirini mama mzee, siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, mshono bado unauma, mkononi ana karatasi yenye majina asiyoyajua. Mwenye binti aliyesoma atapigiwa simu huku na huku mpaka nafasi ipatikane. Asiye na mtu atachukua shirika litakalokubali kuja. Naam, hata shirika lenye nyota tano laweza kujibu kwamba halina muuguzi wa kutuma mtaa ule.

Mwaka 2022 jarida la Health Affairs lilichapisha uchunguzi juu ya jambo hili. Wamarekani Weusi, wenye asili ya Kilatini, na watu wa kipato kidogo walionekana kutumia mashirika bora kwa uchache kuliko Wazungu na wenye nacho. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na mahali mtu anapokaa. Lakini hata kati ya majirani wa mtaa mmoja pengo lilikuwapo. Kwa hesabu lilikuwa dogo, ila lilikuwapo. Orodha ni ile ile, barabara ni ile ile.

Tena kuna jambo la ndani zaidi. Nyota hizo zilipoanza, nyingi ya hesabu zake zilitazama nafuu: je, mgonjwa anatembea vizuri kuliko mwanzo, anaoga mwenyewe, anapumua bila kuhema? Na anayejaza fomu ni mtumishi wa shirika lile lile linalopimwa. Wapimaji hujitahidi kusawazisha hesabu kwa kuangalia ugonjwa wa kila mtu, nao twawashukuru. Hata hivyo, yuko mzee ambaye hatatembea tena, wala hakuna awezaye kumtembeza. Kazi yote ni kumgeuza asipate vidonda vya kulala, na kumtunza asizidi kudhoofika. Mwaka 2013 mahakama ya huko iliidhinisha mapatano katika kesi ya Jimmo, yaliyoweka wazi kwamba Medicare haiwezi kumnyima mtu uuguzi wa kitaalamu kwa sababu tu hana tumaini la kupata nafuu. Haki anayo. Lakini ni shirika gani litamkimbilia mtu asiyeliongezea nyota? Na tangu mwaka 2025 malipo nayo huongezwa au kupunguzwa, hadi asilimia 5, kwa kufuata vipimo vya namna hiyo.

Labda msikilizaji mmoja wa Kakamega au Voi anasema, hayo ni ya Wamarekani. La, ndugu yetu. Mwezi wa Septemba 2023 serikali yetu ilizindua kazi ya wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wenye mikoba na simu, wa kuwafikia watu nyumbani kwao. Tunawaombea kila siku. Nao watapimwa, na ni haki wapimwe. Lakini akihesabiwa nyumba alizoingia tu, ataanza na zile za kando ya lami, na yule mzee wa ng'ambo ya mto, ambaye daraja lake huchukuliwa na mvua, atabaki wa mwisho.

Kwa hiyo tunawaomba wazee wa kanisa na akina mama wa Mothers' Union, kabla ya Jumapili ijayo, mkae na mhudumu wa kijiji chenu. Msimwulize amefika nyumba ngapi. Mwombeni majina ya wale ambao hajawafikia, mwulizeni kinachomzuia, kisha mpange ni nani atakayemsindikiza kuvuka mto.