Paka Mgeni Kwenye Boma la Mbwa
Mada ya semina ya wafugaji, Migwani

Paka wengi wa Migwani hufika nyumbani ndani ya gunia. Panya wamevamia ndengu, jirani ana watoto wa paka, gunia linafunguliwa katikati ya uwanja, na mbwa wa boma wanamwona mgeni wakati uleule naye anapoona mwanga. Kinachofuata kinajulikana.

Siku hizi wapo pia wanaomtoa paka Nairobi. Shirika la kutetea wanyama la KSPCA, lenye mizizi tangu mwaka 1910, lina makao yake Karen, na paka wanaookolewa huko hutafutiwa familia mpya. Mtumishi aliye jijini anaweza kumsafirisha mmoja kupitia Thika, Matuu na Mwingi bila tabu kubwa. Tabu huanzia langoni.

Mbwa wa Ukambani ni mlinzi wa kazi. Mchana amefungwa, usiku ameachiliwa, na kitu chochote kidogo kikikimbia mbele yake hukifukuza, awe sungura au kuku. Kwa hiyo anayehitaji kufundwa zaidi ni mwenyeji, ingawa familia nyingi hushughulika na paka peke yake.

Paka awekwe kwanza kwenye chumba chenye mlango unaofungika vizuri, pamoja na maji, chakula na karai la mchanga. Siku za mwanzo mbwa wasimwone, wamnuse tu. Gunia alilolalia lipelekwe kwenye kibanda cha mbwa, na tambara la mbwa liletwe kwake. Paka akishaanza kula bila kushtuka wanapobweka nje, ndipo waonane: mbwa mmoja mmoja, ameshiba, amefungwa kamba, na paka ana mahali pa juu pa kurukia. Mbwa akikodoa macho, mwili ukakakamaa na asisikie jina lake, aondolewe bila kupigwa. Akigeuka anapoitwa, apewe kipande cha nyama. Kazi hii huchukua majuma, wakati mwingine miezi. Na isemwe wazi: wapo mbwa wasiofaa kabisa kuishi na paka, hasa waliokwisha kuua mmoja. Boma la namna hiyo lisipewe paka.

Umri husaidia sana. Mtoto wa paka huzoea viumbe wengine kwa urahisi zaidi kati ya juma la 2 na la 7. Mtoto wa mbwa, kati ya juma la 3 na la 12 hivi. Wakikutanishwa katika vipindi hivyo, hukua pamoja kama ndugu.

Chakula nacho kina hesabu yake. Mbwa huweza kusukuma siku kwa ugali na mchuzi, lakini mwili wa paka hauwezi kujitengenezea taurini ya kutosha, nayo hupatikana kwenye nyama na samaki. Dagaa wachache hutosha kuanzia. Dhana kwamba paka aliyeshiba hawindi si kweli. Huwinda hata akiwa na tumbo limejaa. Ila sumu ya panya iondolewe bomani kabla hajafika, kwa maana panya aliyekula sumu huweza kumuua paka anayemla, na mbwa vilevile.

Limebaki suala la chanjo, ambalo pengine ndilo zito kuliko yote. Mpango wa taifa wa kutokomeza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ulizinduliwa mwaka 2014 na unalenga 2030, na Makueni ni miongoni mwa kaunti zilizotangulia kuutekeleza. Lengo ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa kila mwaka. Paka husahaulika, ilhali akiumwa na mbwa mgonjwa naye huambukizwa, na ndiye anayelala karibu na watoto. Achanjwe akiwa na miezi 3, kisha arudiwe kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Siku ya chanjo mbwa huvutwa kwa kamba. Paka abebwe ndani ya kikapu chenye kifuniko, na asimame mbali na foleni ya mbwa wa watu wengine.